Mwacha Asili kwa Kuokoa Roho: Jina na Lugha katika Filamu za Watoto wa Kiyahudi

Imeenea dhana miongoni mwa baadhi ya wanafunzi wa Kiswahili kwamba filamu zinazohusu masaibu ya Wayahudi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia ni mambo ya Wazungu, na kwamba msomi wa fasihi ya Kiswahili akizitazama, anazitazama kwa kujiburudisha tu. Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Ninashikilia kwamba filamu bora za mkondo huu, hasa zile zinazowasawiri watoto waliotoroka ili wasiuawe, zinahusu jambo tunalolisomea kila siku, yaani jina na lugha. Aidha, ninashikilia kwamba filamu inayolikwepa jambo hilo, hata iwe ya kuliza namna gani, huwa imeipunguza historia yenyewe.

Yafaa kwanza tujikumbushe historia hiyo. Hitler alitwaa mamlaka nchini Ujerumani mwaka wa 1933. Julai 1938, wajumbe wa mataifa 32 walikutana mjini Evian, Ufaransa, kujadili suala la wakimbizi wa Kiyahudi. Walisikitika sana, kisha karibu wote wakakataa kuongeza idadi ya watu ambao wangewapokea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba mwaka huo huo, masinagogi yaliteketezwa na maduka ya Wayahudi yakavunjwa kote Ujerumani na Austria. Baada ya hapo Uingereza ilikubali kuwapokea watoto pasipo wazazi wao, na takriban 10,000 waliingia kati ya Desemba 1938 na Septemba 1939, vita vilipozuka. Nchini Marekani, mswada wa mwaka wa 1939 uliokusudia kuwaruhusu watoto 20,000 kuingia ulifia bungeni. Kufikia mwisho wa vita mwaka wa 1945, takriban watoto milioni 1.5 wa Kiyahudi walikuwa wameuawa. Kwa hivyo, mtoto tunayemwona akikimbia katika filamu hizi ni yule aliyepata upenyo. Wengi wa rika lake hawakuupata.

Tukirejea sasa kwenye suala la jina, sote tumefunzwa mbinu ya majazi: mwandishi humpa mhusika jina linaloafiki tabia au hali yake. Katika filamu hizi tunakutana na majazi yaliyopinduliwa. Mtoto hupewa jina ambalo kazi yake ni kuficha, na uhai wake hutegemea jinsi jina hilo lisivyodokeza lolote kumhusu. Katika filamu ya Lauf Junge lauf (2013), iliyoelekezwa na Pepe Danquart kutokana na riwaya ya Uri Orlev, mvulana Srulik anatoroka mtaa waliofungiwa Wayahudi mjini Warsaw, Poland, na kutangatanga misituni na mashambani. Anajiita Jurek Staniak, jina la Kipolandi, na analikariri pamoja na sala za Kikatoliki mpaka vinakaa ulimini kana kwamba alizaliwa navyo. Babake amemwachia usia mgumu: asahau kila kitu, hata jina lake, lakini asisahau kamwe kwamba yeye ni Myahudi. Mtoto wa miaka minane anaachiwa kitendawili ambacho hata mtu mzima kingemshinda.

Hali ni iyo hiyo katika Un sac de billes, kisa cha Joseph Joffo na kakake Maurice. Kilitolewa kama kitabu mwaka wa 1973, kikafanywa filamu na Jacques Doillon mwaka wa 1975, kisha na Christian Duguay mwaka wa 2017. Kabla ya kuwatuma wanawe wakimbie Paris peke yao, baba mtu anamuuliza Joseph kama yeye ni Myahudi na kumzaba kofi, kisha anarudia swali na kofi mpaka mtoto akane. Mzazi anamfunza mwanawe kuikana nasaba aliyomrithisha yeye mwenyewe. Sijaona katika filamu hizi onyesho linaloeleza ukatili wa enzi ile kwa uzito kuliko hilo, na ndani yake hamna askari hata mmoja.

Methali yetu husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tumezoea kuitumia methali hii kuwakemea wanaozidharau lugha zao na mila za wazee wao. Filamu hizi zinatulazimisha kuitafakari upya. Srulik na Joseph waliiacha asili kwa sababu kuishikilia kungewaua. Mtumwa ni nani hapo? Nionavyo mimi, methali inabaki na ukweli wake, ila lawama inahama kutoka kwa anayeiacha asili na kumwendea anayemlazimisha mwenzake kuiacha. Mwalimu anayefundisha methali kidato cha tatu angeweza kuzua mjadala mzito kutokana na jambo hili moja.

Louis Malle analifikisha suala la jina kwenye kilele katika Au revoir les enfants (1987), filamu iliyotokana na yaliyotendeka Januari 1944 katika shule ya Kikatoliki aliyosomea yeye mwenyewe utotoni. Mwanafunzi mgeni anaitwa Jean Bonnet. Mwenzake, Julien, anagundua kwamba jina lake halisi ni Kippelstein, na siri hiyo inakuwa msingi wa urafiki wao. Siku afisa wa polisi wa siri wa Ujerumani anapoingia darasani, jina analoulizia ni lile lile la siri. Julien anageuza macho mara moja kumwelekea rafikiye, na mtazamo huo unatosha. Katika historia, wavulana watatu wa Kiyahudi waliokamatwa shuleni humo waliuawa Auschwitz, naye padri aliyewaficha, Père Jacques, alifariki mwaka wa 1945, muda mfupi baada ya kukombolewa kutoka kambini.

Fauka ya jina, kuna lugha yenyewe. Katika Europa Europa (1990) ya Agnieszka Holland, iliyotokana na maisha ya Solomon Perel, kijana Myahudi mzaliwa wa Ujerumani anakimbilia mashariki na kujikuta mikononi mwa Warusi, ambao wanampeleka katika makao ya mayatima na kumfunza Kirusi. Wajerumani wanapomnasa mwaka wa 1941, anajitambulisha kuwa Mjerumani, nao wanamfanya mkalimani wao. Sisi husoma ukalimani kama taaluma na kuutungia nadharia. Kwa Perel, ukalimani ulikuwa tofauti kati ya kaburi na uhai. Lugha aliyozaliwa nayo ilikuwa ndiyo lugha ya wauaji wake, na kuisema sawasawa kukawa ngao yake. Mtazamaji huyahisi haya kwa sababu mwelekezi anaziacha lugha zisikike zilivyo. Kijana anapohama kutoka Kijerumani hadi Kirusi, nasi tunahama naye, tukichelea kwamba ulimi utateleza.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu The Boy in the Striped Pyjamas (2008) ya Mark Herman. Ni kweli kwamba filamu hiyo haihusu safari ya kutoroka, bali urafiki wa watoto wawili waliotenganishwa na ua wa kambi. Hata hivyo, kwa watazamaji wengi wachanga ndiyo mlango wa kuingilia historia hii. Mle ndani, mwana wa mkuu wa kambi na mtoto mfungwa wote wanasema Kiingereza kimoja kilichonyooka. Hakuna anayepaswa kuchunga ulimi, wala lafudhi haimwumbui yeyote. Isitoshe, mtoto mfungwa anaonekana akikaa uani siku baada ya siku akizungumza na mwenziwe, ilhali wengi wa watoto waliofikishwa Auschwitz waliuawa mara tu walipowasili. Mwaka wa 2020, makumbusho ya Auschwitz yenyewe yalishauri kwamba kitabu cha John Boyne kilichozaa filamu hiyo kiepukwe na yeyote anayesoma au kufundisha historia hii.

Yamkini msomaji atauliza: je, si heri filamu ya Kiingereza inayowafikia mamilioni kuliko ya Kipolandi inayotazamwa na wachache? Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kudai kwamba Kiingereza ni najisi katika mada hii. Filamu ya hali halisi Into the Arms of Strangers (2000), ya Mark Jonathan Harris, inawaonyesha wazee waliopelekwa Uingereza utotoni wakisimulia kwa Kiingereza jinsi walivyoagana na wazazi wao kwenye vituo vya treni, wengi wasiwaone tena. Kiingereza chao ni sehemu ya ushahidi. Ni lugha waliyopewa badala ya ile waliyoiacha nyumbani, na miongoni mwa watoto wa msafara ule wapo walioisahau kabisa lugha ya mama zao. Swali la kuuliza, basi, ni kama lugha inayosikika imebeba gharama aliyoilipa mtoto au imeifuta. Katika filamu ya Harris imeibeba. Katika ile ya Herman imeifuta.

Katika mkondo huu, filamu inayotugusa kwa karibu zaidi ni Nirgendwo in Afrika (2001) ya Caroline Link, iliyotuzwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka wa 2003. Chanzo chake ni riwaya ya Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mwaka wa 1938 akiwa mtoto na kurudi Ujerumani na jamaa yake mwaka wa 1947. Baba, aliyekuwa wakili, anageuka msimamizi wa shamba. Vita vinapozuka, serikali ya kikoloni inawazuilia kama maadui kwa sababu ni Wajerumani, ingawa wamewakimbia Wajerumani hao hao. Binti yao, Regina, anajifunza Kiswahili kwa Owuor, mpishi wa nyumba hiyo, anayeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo. Wazazi wanahangaika na lugha waliyoiacha, lakini mtoto anaota mizizi katika lugha aliyoikuta. Huyu hapa basi mtoto mkimbizi ambaye lugha ya pili haikumjia kama kinyago cha kujifichia. Ilimjia kama makao, na lugha yenyewe ilikuwa Kiswahili.

Tusilewe sifa, hata hivyo. Owuor anamuuguza bwana wake malaria, anampikia bibi wake na kumlea binti yao, lakini tunafahamishwa machache mno kuhusu watu wake mwenyewe na anachokiwaza moyoni. Mashamba yale yalikuwa katika nyanda za juu ambazo ukoloni ulikuwa umewatengea Wazungu, na jambo hilo linapitiwa juu juu. Wakili anampa mpishi joho lake la mahakamani, zawadi ya upendo bila shaka, lakini mahakama za enzi hiyo hazikumpa Owuor haki sawa na Mzungu. Filamu inayofahamu vizuri uchungu wa kunyang'anywa makao ingeweza kumtazama kwa makini zaidi mwenyeji aliyenyang'anywa ardhi. Kulisema hili hakupunguzi hata chembe masaibu ya Wayahudi. Ni kuitaka kazi nzuri iwe nzuri zaidi.

Kutokana na hayo, ninawapendekezea wanachama wenzangu mambo mawili. Kwanza, Nirgendwo in Afrika ichambuliwe na wanaojua Kiswahili, kwa kuwa mtazamaji wa Berlin anayesoma tafsiri chini ya picha hawezi kupima Kiswahili cha Regina kinavyobadilika kadiri anavyokua. Sisi tunaweza. Pili, chama kichague filamu moja, kwa mfano Le voyage de Fanny (2016) ya Lola Doillon, inayowafuata watoto walioachwa peke yao wakijaribu kufika Uswisi mwaka wa 1943, na kuitafsiri kwa maandishi ya chini ya picha. Ninasisitiza maandishi. Tukizifunika sauti za watoto hao kwa sauti zetu, tutakuwa tumewatenda yale yale ninayoyalaumu katika filamu ya Herman.

Watoto walionusurika walikuwa wazee kufikia miaka ya filamu hizi, na wengi wametangulia mbele ya haki: Stefanie Zweig mwaka wa 2014, Joseph Joffo mwaka wa 2018, Solomon Perel mwaka wa 2023. Waliokuwa wakiweza kutuambia wenyewe walivyoitwa kabla ya kubadilishwa majina wanazidi kupungua. Kazi ya kuyatamka majina yao sawasawa imewaangukia wanaosoma lugha, nasi tu miongoni mwao.