Mwizi aliyefungwa kamba haui mtu

Vijana wenzetu, tuseme ukweli. Usiku wezi wakiingia kwenye kartie na silaha, watu wanapiga masufuria, wanapiga filimbi, kila mtu anatoka kusaidia jirani. Ile ni kazi nzuri. Lakini mwizi akishakamatwa, akishafungwa kamba, sauti inatoka nyuma: «Tairi iko wapi?» Na wengi wanaopiga kelele pale, Jumapili wako kwenye misa.

Basi tuulize: Kanisa Katoliki linafundisha nini? Halisemi ukae kimya wakati mtoto wa jirani anauawa. Tangu Mtakatifu Thomas wa Akwino linafundisha kwamba unaweza kujilinda hata kama mshambulizi atakufa, mradi nia yako ni kuokoa maisha na nguvu yako haipiti kiasi. Kwa mwenye kuchunga maisha ya wengine, ni wajibu kabisa. Lakini Thomas huyohuyo anamkatalia raia wa kawaida kumwadhibu mhalifu kwa kifo.

Sasa yule amelala chini, mikono imefungwa. Kifo chake kinamlinda nani? Hatari imeisha. Kinachobaki ni kisasi. Tunaita «justice populaire», lakini haki iko wapi pale?

Utasema: «Polisi watamwachilia kesho.» Tunajua. Unamkabidhi Jumatatu, Jumatano unakutana naye sokoni. Hasira yetu ina sababu. Lakini anayeuza uhuru wa mwizi ndiye wa kuandamwa, tena mchana, kwa sauti.

Na serikali nayo isitudanganye. Machi 2024 iliondoa zuio la kunyonga lililodumu tangu 2003. Mwanzoni mwa 2025 vijana zaidi ya 100 wanaoitwa Kuluna walipelekwa gereza la Angenga wangojee kifo. Hao pia wamekwisha fungwa! Papa Francis alibadilisha Katekisimu mwaka 2018: hukumu ya kifo haikubaliki. Katiba yetu, kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu. Na pale ambapo haki inanunuliwa, atakayekufa ni maskini, na kosa la hakimu halitarudishwa nyuma.

Kwa hiyo wandugu: piga filimbi, kamata, kabidhi, kisha fuata dosie mpaka kwa hakimu. Na ukisikia «tairi», simama mbele ya yule aliyefungwa. Ni kazi ngumu kuliko kurusha jiwe. Lakini Kongo tunayoidai haiwezi kuanzia kwenye moto ule.