Urefu wa Mtoto si Cheti



Desemba iliyopita nilipanda Kirua Vunjo, kama ilivyo ada yetu sisi tunaoishi mbali na migomba yetu, kwenda kuwaona wazee na kula sikukuu pamoja nao. Nilikuta nyumba nzima ina neno moja tu. Kijana wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 17, amerefuka hata huinama apitapo mlangoni, naye anacheza mpira wa kikapu kwa bidii. Mtu mmoja aliyejiita wakala alikuwa amempigia simu, akamwahidi nafasi katika timu ya chuo kimoja cha Marekani. Sharti lilikuwa moja: familia itoe kwanza fedha za "kumfungulia faili". Bibi alikuwa tayari kuuza ng'ombe.

"Mdogo wangu," kaka aliniambia, "wewe uko mjini, unasoma magazeti. Unasemaje?"

Sikutaka kumvunja kijana moyo, maana ndoto yake si ya kichaa. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza mchezo huu akiwa kijana wa sekondari, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, na mwaka huo 2009 akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya kulipwa ya Marekani. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Lakini yeye ana urefu wa mita 2.21, na Connecticut ni chuo kikubwa katika mchezo huo. Wengi wa vijana wetu, wakibahatika, wataitwa na vyuo vya kati, visivyo na fedha nyingi wala jina kubwa.

Vyuo hivyo si vya kudharauliwa. Mwaka 1966 chuo kimoja cha El Paso, Texas, ambacho leo huitwa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso, kilianzisha wachezaji watano weusi katika fainali ya taifa, kikawafunga Kentucky 72 kwa 65. Kocha wake, Don Haskins, alikuwa amewatafuta vijana ambao wakubwa waliwapita. Chuo hicho hicho ndicho kilichomchukua mwanariadha wetu Suleiman Nyambui, aliyekuwa mwalimu hapa nyumbani. Nyambui alitwaa mataji ya vyuo, akapata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, kisha akawa kocha na kiongozi wa riadha. Miguu ilimpeleka, lakini hakwenda mikono mitupu.

Basi, wazazi wenzangu, tuelewe jinsi kocha wa chuo anavyofikiri. Yeye hasajili mtoto wa fulani, anajaza pengo. Huitazama orodha yake na kuhesabu: nani anahitimu, nani anahama, ni nani atakayesimama chini ya kikapu mwaka ujao. Kwa vyuo vilivyokubali utaratibu uliotokana na suluhu ya mahakama ya Juni 2025, orodha hiyo haizidi watu 15. Tena, tangu 2021 sheria za kuhama zimelegezwa. Mchezaji wa chuo cha kati aking'ara, chuo tajiri humchukua. Na kocha aliyeachwa na pengo mara nyingi humtaka mtu mzima wa miaka 22 aliyekwisha kuzoea, kuliko mtoto wa miaka 18 atakayehitaji kufundishwa. Vilevile kocha mwenyewe anaweza kuhama, na ajaye baada yake asimtake mgeni aliyemkuta.

Kuna na habari ya fedha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo huruhusiwa kupokea malipo kwa matumizi ya majina na sura zao. Vijana wetu husikia hayo na kudhani mfuko unawasubiri uwanjani. Lakini mwanafunzi mgeni hufungwa na masharti ya viza kuhusu kazi na kipato, na akiyavunja aweza kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo nilimwambia kaka mambo manne. Kwanza, kocha wa kweli hamtozi mzazi fedha ili amsajili mtoto. Ada ya kuhakiki sifa za mchezaji ipo, lakini hulipwa moja kwa moja kwa kituo cha chama cha michezo ya vyuo, wala haipitii mfukoni mwa mtu. Pili, takeni jina la chuo na barua ya chuo, kisha kiandikieni chuo wenyewe mkiulize. Tatu, ulizeni ubalozi kabla ya kununua hata sanduku, kwa kuwa tangazo la serikali ya Marekani la Desemba 2025 lilibana viza za Watanzania, za wanafunzi zikiwamo. Nne, tazameni matokeo ya darasani. Chama hicho hudai masomo ya msingi 16 ya sekondari yenye alama za kutosha. Urefu hauhesabiwi miongoni mwake.

Kaka alimpigia yule wakala na kuomba jina la chuo. Simu ilikatika, na tangu siku hiyo haijapokewa.

Ng'ombe yungali zizini. Lakini kijana alininunia siku mbili. "Baba mdogo," alisema hatimaye, "mmeniziba riziki." Sikuwa na jibu jepesi, kwa sababu mlango wa kweli upo, na huenda siku moja ukamfungukia. Nilimwomba tu anionyeshe daftari lake la hesabu. Tulikaa nalo chini ya mgomba hadi jioni, tukagundua mahali alipopotea, tukaanza upya kutoka hapo.

Mzazi, ukiwa na mtoto wa namna hii, usimnyime mpira. Mfuate uwanjani, umshangilie. Kisha usiku uliza habari za shule, maana timu ikimfuta katika orodha yake, shahada ndiyo atakayorudi nayo nyumbani.

Hadi Jumapili ijayo.