ASIDI BILA KIZUIZI NI ADUI WA CHUMA CHA UMMA

Kwa askari wa jeshi na wa polisi, chuma ni mwenzi wa kazi. Bunduki aishikayo, gari limpelekalo doria, pingu zilizo kiunoni, kufuli ya ghala na bati lililo juu ya nyumba yake kambini, vyote ni chuma. Vyombo hivyo havikununuliwa kwa fedha ya mtu mmoja, bali kwa jasho la mkulima wa kahawa, mvuvi wa ziwani na mchuuzi wa sokoni alipaye kodi. Kila chembe ya chuma iliwayo bure ni sehemu ya jasho hilo ipoteayo. Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na adui tutakayemzungumzia leo havuki mpaka wala hafyatui risasi. Yumo ndani ya karakana zetu, na mara nyingi sisi wenyewe ndio tumkaribishao.

Adui huyo ni asidi itumiwayo bila elimu. Ni desturi iliyoenea kwamba chombo kikishika kutu sana hutumbukizwa katika asidi, kwa kuwa asidi hupenya mahali ambapo brashi na msasa havifiki. Tuliwahi kushuhudia katika karakana moja fundi akizichukua bolti za gurudumu zilizojaa kutu na kuziloweka usiku kucha ndani ya maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki. Asubuhi kutu ilikuwa imekwisha, na fundi alifurahi. Furaha hiyo haikudumu, maana nati zilipofungwa zilicheza kama jino bovu. Asidi ilipokwisha kula kutu iliendelea na chuma kizima, ikala meno ya bolti. Hatuhitaji kueleza lingetokea jambo gani kama gari lile lingeondoka hivyo, limebeba askari, likateremka milima ya Kigezi.

Yafaa ieleweke kwamba kosa la fundi yule halikuwa kutumia asidi peke yake. Viwanda vya chuma duniani hutumia asidi kila siku. Hata bati la nyumba zetu, kabla chuma chake hakijavikwa zinki, hupitishwa katika asidi ya hidrokloriki au ya salfuriki ili kuondoa ukoko na kutu. Chuma kile hakiishi humo, kwa sababu wenye viwanda huichanganya asidi na dawa kidogo ambayo wataalamu huiita kizuizi. Kosa la fundi wetu ni kwamba aliitumia asidi tupu, akaiacha ifanye ipendavyo usiku mzima.

Askari polisi hahitaji kufundishwa maana ya kizuizi. Kizuizi cha barabarani hakiwekwi ili kufunga njia kwa kila mtu. Huwekwa ili mhalifu akamatwe na raia mwema apite. Kizuizi cha asidi nacho ni hivyo hivyo: huiachia asidi njia ya kula kutu, na huifungia njia ya kula chuma.

Jinsi kinavyofanya hivyo si uchawi. Chuma kinapokutana na asidi, chembe zake huacha elektroni na kuyeyuka. Elektroni hizo huchukuliwa na asidi, na hapo huzaliwa gesi ya haidrojeni, ambayo ndiyo mapovu tuyaonayo. Gramu 56 tu za chuma zikiyeyuka huzaa zaidi ya lita 20 za gesi hiyo, nayo huwaka kwa cheche ya sigara. Kutu ni jambo jingine, maana ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, nayo huyeyuka katika asidi bila kungoja mabadilishano hayo ya elektroni. Kizuizi huwa na molekuli zenye naitrojeni, salfa au oksijeni, ambazo hupenda kushikamana na uso wa chuma kitupu. Hujipanga hapo bega kwa bega kama askari katika gwaride, zikafanya utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando huo huziba mahali chuma kinapoyeyukia na mahali gesi inapozaliwa. Asidi hubaki na kazi moja tu, nayo ni kutu.

Nguvu ya kizuizi hupimwa kwa mizani. Tuseme kipande cha chuma hupoteza gramu 100 katika asidi tupu, na kipande kingine kama hicho hupoteza gramu 5 katika asidi yenye kizuizi kwa muda ule ule. Hapo tunasema kizuizi kimeokoa asilimia 95. Vizuizi vizuri hufikia kiwango hicho na kukipita, ilhali kiasi kinachotiwa mara nyingi hakifiki hata asilimia moja ya asidi yote. Ni gharama ndogo inayookoa mali kubwa.

Elimu hii haikuanza leo. Katika karne ya 19 mafundi wa Ulaya walitambua kwamba asidi iliyotiwa molasi, wanga, pumba au mafuta ya mimea haikiharibu sana chuma. Mwaka 1932 huko Michigan, Marekani, kampuni ya Dow Chemical iliunda asidi ya hidrokloriki yenye kizuizi cha aseniki, ikamiminwa ndani ya kisima cha mafuta ili kuyeyusha mwamba wa chokaa bila kula mabomba ya chuma. Kisima kile kilichokuwa kimekufa kikatoa mafuta tena, na tangu hapo kazi ya asidi visimani ikaenea duniani. Baadaye aseniki iliachwa kwa kuwa ni sumu, mahali pake pakachukuliwa na vizuizi vingine. Nasi Waganda, ambao mwaka 2006 tulithibitisha kuwa na mafuta ya kutosha biashara kando ya Ziwa Albert, hatuwezi kuiona elimu hii kuwa ya watu wa mbali.

Hata hivyo, tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungesema kwamba kizuizi ni kinga ya kila kitu. Mlinzi yeyote ana mipaka yake. Asidi ikipashwa moto kupita kiasi, vizuizi vingi hubanduka na kuacha lindo. Kikitiwa kidogo mno, utando hubaki na matundu. Na asidi iliyotumika mara nyingi hujaa chuma kilichotoka katika kutu, ambacho chenyewe huongeza ukali wake juu ya chuma kizima.

Liko pia jambo zito kuliko hayo yote, na hili tungependa kila mtunza silaha alishike. Haidrojeni inayozaliwa katika asidi haiondoki yote kama mapovu. Sehemu yake huingia ndani ya chuma, na chuma kigumu kama cha springi hugeuka kuwa dhaifu kama kigae. Kwa macho kinaonekana safi na kizima. Siku kikibanwa kwa nguvu hukatika ghafla, bila onyo. Ndiyo maana viwandani vipande vya chuma kigumu, vikishatoka katika asidi na kupakwa madini, huokwa kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 190 hivi ili kuifukuza haidrojeni hiyo. Kizuizi kinaweza kuzuia chuma kisipungue na bado kisizuie haidrojeni kuingia. Kwa hiyo tunasema bila kusita: springi ya bunduki, pini yake ya kupigia na kufuli yake visionje asidi kamwe, hata iwe ya ndimu, hata iwe na kizuizi. Silaha husafishwa kwa mafuta, kitambaa, brashi na kitabu cha maelekezo yake.

Dereva naye asidhani kwamba habari hii haimhusu. Ndani ya rejeta ya gari lake kuna maji yaliyochanganywa na dawa ya kupoza injini, na ndani ya dawa hiyo mna vizuizi. Kadiri miezi inavyopita, joto la injini huigeuza sehemu ya dawa ile kuwa asidi, na vizuizi hutumika kidogo kidogo hadi vikaisha. Dereva anayejazia maji ya mtoni kila mara huvipunguza zaidi. Siku rejeta inapotoboka safarini, lawama hutupiwa barabara, kumbe mlinzi aliondoka zamani na hakuna aliyempa zamu mwenzake.

Kutokana na hayo yote, yako mambo ambayo tunaona hayana budi kutendeka. Kwanza, asidi tupu ipigwe marufuku katika kila karakana ya jeshi na ya polisi, na maji ya betri yabaki katika betri. Pili, mahali ambapo asidi inahitajika kwa haki, inunuliwe ile iliyokwisha kutiwa kizuizi kiwandani, isimamiwe na fundi aliyefunzwa, na muda wake uhesabiwe kwa saa, si kwa kulala na kuamka. Chombo kikitoka humo kioshwe kwa maji mengi, kisha kwa maji ya magadi ili kuiua asidi iliyobaki, kikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo. Tatu, somo la kutu liingizwe katika mafunzo ya askari pamoja na somo la shabaha, kwa sababu bunduki iliyoliwa haina shabaha.

Jambo la nne linawahusu wataalamu wetu. Molasi hububujika katika viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara. Miwati, ambayo magome yake hutoa tanini, huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na tanini hukizuia chuma kisiliwe. Watafiti katika nchi nyingi za Afrika wamepima majani na maganda ya mimea mbalimbali katika asidi na kupata vizuizi vya manufaa. Vyuo vyetu vikishirikiana na karakana za majeshi, dawa tunayoiagiza ng'ambo kwa fedha za kigeni yaweza siku moja kutoka mashambani mwetu.

Askari huapa kulinda nchi na mali yake. Kiapo hicho hakikubagua kati ya mali inayoibwa na mwizi na mali inayoliwa na asidi katika pipa nyuma ya karakana. Mwizi tumemwekea vizuizi katika kila njia kuu. Sasa tuiwekee asidi nayo kizuizi chake.