Mashine ya kukaushia inataka hewa, si nafasi tu

Makala kuhusu mashine za kukaushia nguo ni nzuri, ila mwandishi amesahau hewa. Sisi wa Kitale tuko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mvua zikianza, suruali ya jinzi inashinda kwenye kamba na jioni kiuno bado kibichi, kwa hivyo hamu ya mashine ya kukaushia naielewa kabisa. Lakini ukiisukuma kwenye kona ya bafu lisilo na dirisha, ile inayotoa mvuke kwa bomba itakujazia kuvu ukutani. Kwa nyumba ndogo chukua ile inayogeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye chombo chake. Ukiipandisha juu ya mashine ya kufulia, ya chini iwe ya mlango wa mbele, na zifungwe kwa fremu yake. Tafadhali isichomekwe kwenye ekstensheni! Nyingi hula wati 2,000 na zaidi. Nimeona plagi iliyoyeyuka ikashikana na soketi. Dada yangu yuko Bungoma, ambako ni chini zaidi na kuna joto. Yeye namwambia anunue ya kufulia pekee, inayokamua kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, aanike nje.