JIKO LETU: Sufuria moja, wagonjwa watatu

 

Juzi pale bombani mama mmoja alinishika mkono akaniambia: "Dada, nimechoka. Baba watoto ana presha. Mama mkwe ana sukari. Binti yangu ana mimba na wamesema damu imepungua. Kila mmoja ameambiwa chakula chake, na kuni nilizo nazo ni mzigo mmoja tu. Sasa nipike sufuria ngapi?"

Nilimjibu: moja. Akacheka, akadhani namtania. Basi leo niwaelezee na ninyi, maana najua hayuko peke yake hapa Nyarugusu.

Tuanze na presha, kwa sababu ndiyo rahisi. Adui wa mwenye presha ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, chakula chote pamoja. Maharage au njegere zichemke bila chumvi mpaka ziive kabisa. Hapo ndipo unamchotea baba sahani yake, halafu unatia chumvi kwa waliobaki. Sombe ni vilevile, lengalenga vilevile. Kitunguu, nyanya, ndimu na pilipili vinampa ladha. Wiki za kwanza atanuna, baadaye ulimi unazoea.

Lakini chumvi inajificha. Iko kwenye vile vidonge vya mchuzi vya dukani. Iko kwenye makayabu, na najua kuna wababa ambao kwao sombe bila makayabu si sombe. Mloweke usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili au tatu, na hata hivyo asiwe wa kila siku. Ndagala waliokaushwa juani bila chumvi ni bora zaidi. Tena iko kwenye magadi tunayotia ili maharage yaive haraka. Hayo mwenye presha hayamfai. Loweka maharage tangu jioni, mwaga yale maji, pika asubuhi. Yanaiva upesi na kuni zinabaki.

Wala msiiondoe chumvi nyumbani kabisa. Chumvi yenye madini ya joto inawakinga watoto na mama wajawazito na ugonjwa wa tezi la shingo. Iwekwe mahali pakavu, kwenye kopo lenye kifuniko.

Sasa sukari. Hapa nina la kusema, kwa sababu mama yangu mzazi ana sukari mwaka wa tisa huu.

Alipogunduliwa, mahali alipotibiwa aliambiwa neno moja tu: usile ugali. Hakuna aliyemuuliza atakula nini badala yake. Mama ni mtu wa kutii. Akawa anakunywa mchuzi wa njegere na mboga kidogo, na vidonge vyake anameza kama saa ya kanisa. Mwisho wa mwezi unga ukatuishia, hata ule mchuzi ukawa wa kubahatisha. Jioni moja akaanza kutoka jasho jingi, mikono inatetemeka, maneno hayaeleweki. Sisi tukasema malaria. Jirani akasema amelogwa. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi ya afya alipita, akauliza, "Bibi amekula saa ngapi?" Tukatazamana. Akaomba sukari, akakoroga kwenye maji, akamnywesha. Baada ya robo saa hivi mama akatuuliza kwa nini tumejaa ndani ya nyumba.

Ile haikuwa sukari kupanda, ilikuwa sukari kushuka. Kuna vidonge vya sukari vinavyoishusha hata kama tumbo ni tupu, na sindano ya insulini ni hivyohivyo. Kwa hiyo ukiona dalili zile, na mgonjwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu ale chakula, halafu mpeleke kituoni wajue. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu na mkimbize.

Tangu siku ile mama anakula ugali. Ndiyo, ugali! Ila sahani yake tunaipanga hivi: nusu ni mboga, robo ni maharage au njegere au ndagala, robo iliyobaki ndiyo ugali, kama ngumi yake mwenyewe. Ngumi yake, si ya mjomba. Anaanza na mboga na maharage, ugali unafuata. Chakula ni kilekile cha sufuria yetu.

Wengine wanauza unga wa mgao kwa hasara ili wanunue wa muhogo, ati hauna sukari. Ndugu zangu, muhogo nao tumboni unageuka sukari, na viazi na wali pia. Ulezi ni mzuri, lakini nao unapimwa. Usitupe chakula cha watoto kwa ajili ya maneno ya njiani. Vya kuacha ni chai ya sukari, soda, na maandazi ya asubuhi. Uji mwepesi nao hupandisha haraka. Akinywa, uwe kikombe kimoja bila sukari, na njegere zilizobaki jana pembeni.

Kuhusu mwisho wa mwezi, nyumbani kwetu siku ya mgao tunapima kwanza kopo la mama. Unga na njegere za siku kumi za mwisho tunazifunga pembeni, na watoto wanajua halifunguliwi. Siku kukiwa hamna kitu kweli, msikae kimya. Nenda kituoni siku hiyohiyo useme wazi: chakula hakuna na dawa ninayo, nifanyeje? Wao ndio wa kubadilisha kipimo. Na mwenye kuchoma sindano asiiache kwa kujiamulia, maana sukari kupanda sana nayo inaua. Si aibu kusema huna chakula. Hapa nani hajui?

Binti mwenye mimba anakula lengalenga na maharage yaleyale. Wewe mkamulie ndimu juu ya sahani, au apate pera, yanausaidia mwili kuyachukua madini ya damu. Chai aiache mpaka saa moja au mbili baada ya kula, kwa sababu chai inayazuia. Na vidonge vya damu alivyopewa kliniki avimeze, visikae chini ya mto. Mboga pekee haitoshi kwake.

Mafuta ya mgao yana vitamini A, msiyaogope. Kijiko kwa kila mtu kinatosha, na mawese ni hivyohivyo. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate ukurasa huu, afuate daktari wake, kwa sababu hata maharage huenda akapimiwa.

Kama hujapanda mboga, gunia moja kuukuu lenye udongo mlangoni linatoa lengalenga ya kuanzia, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni yanatosha kumwagilia.

Yule mama wa bombani nilimwona tena Jumapili. Anasema baba watoto bado ananuna.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea habari ya mtoto anayekataa uji. Mwenye swali amwachie mhudumu wa afya wa zoni yake, litanifikia.