Mchango Usiishie JKIA

Wasee wa Meru na Embu, leo siwabembelezi.

Kwa kuchangia mgonjwa aende India kupandikizwa uboho, ile nyama laini ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu, sisi ni moto. Asubuhi grupu ya WhatsApp, jioni namba ya mchango iko kila mahali. Binamu yangu wa Runyenjes alienda hivyo. Akarudi, tukachinja mbuzi, grupu ikafungwa. Stori ikaisha.

Kwake haikuisha. Kabla ya uboho mpya, mtu hupigwa kemo kali, na wengine mionzi ya mwili mzima. Hiyo ndiyo humwokoa. Lakini pia huweza kuharibu seli nzima, na miaka mingi baadaye kansa nyingine kabisa ichipuke: ya ngozi, ya mdomo, ya tezi ya shingo. Mwaka wa 1997, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 19,000. Kufikia miaka 10, karibu 2 kati ya 100 walikuwa na uvimbe mpya wa kansa. Kufikia miaka 15, karibu 7. Yaani hatari inapanda wakati sisi tumeshasahau.

"Kwa hivyo bora asiende?" Wacha hizo! Bila uboho mpya, wengi hawangeona hiyo miaka 10. Na wengi hawapati kansa ya pili. Ninachosema ni apimwe maisha yake yote: ngozi, mdomo, na kwa dada zetu matiti na mlango wa kizazi. Ikishikwa mapema, mara nyingi inatibika kwa urahisi zaidi.

Sasa angalia venye tunamfanyia. Akivaa kofia na mikono mirefu juani, vijana wa steji wanacheka. Akikataa sigara ya kusindikiza muguka, ati anajiona. Mwezi jana aliniomba nauli ya kliniki Nairobi. Nikamjibu, "Si ulishapona?" Ndiyo, mimi. Bado naona aibu.

Niliacha chuo, mimi si daktari. Lakini hesabu naijua: tulichanga mamilioni kumrudisha, tukamnyima nauli ya kumweka.

Admini, usifunge grupu. Mia moja kila mwezi, ya kliniki. Na wewe uliyepandikizwa, itisha ripoti yako, ujue kama ulipigwa mionzi, na usikose kupimwa.

Mimi nimeshatuma nauli. Wewe je?