Karatasi ya Kidato cha Tatu
Yeyote apitaye mji wa Omurushaka, huku Karagwe, mwezi wa Februari, penye njia panda ya kwendea Murongo, hakosi kuwaona vijana waliofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba iliyopita, wameketi juu ya pikipiki za watu wakingoja abiria, na papo hapo wakingoja majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano, ambacho masomo yake huanza Julai. Wala kazi ile si aibu, maana ni halali, ila twasikitika kwamba wengi wao ndipo kwanza wajiulizapo waende wapi, hali shauri hilo lilikwisha kukatwa miaka miwili nyuma, walipoingia kidato cha tatu wakaiacha Fizikia kwa kuwa rafiki zao wameiacha. Binti atakaye uuguzi, kwa mfano, na alitazame tangazo la chuo: atakuta Baiolojia, Kemia na Fizikia zimetajwa kwa majina, na bidii yake yote katika Historia haitamfaa kitu mbele ya karani wa udahili. Walimu hujaza fomu za uchaguzi wa masomo na vyuo pamoja na wanafunzi wa kidato cha nne, nao huwa wamekwisha kuchelewa. Mazungumzo ya kuchagua njia yastahili kufanywa mapema, mzazi akiwapo, msimu wa kuanika kahawa, ambapo fedha ya nyumbani hujulikana kiasi chake, na mafunzo ya ufundi ya VETA yatajwe bila kushusha sauti kana kwamba ni adhabu ya walioshindwa. Ningependa kila mwanafunzi wa kidato cha tatu apewe karatasi yenye masharti ya vyuo vitatu avitamanivyo, akaisome nyumbani mbele ya wazee wake, hata kwa Kinyambo, lugha ya huku, ikibidi.